Kilomita Mbili za Shemeji

Jina la Taruma alipewa na genge la mafundi wa reli mwaka wake wa kwanza kazini, kwa sababu ya tabia yake ya kuhesabu mataruma. Watu wengi wanaopanda treni maisha yao yote hawajui hata hicho kitu ni nini. Taruma ni ile boriti inayolala chini ya reli, moja baada ya nyingine, kama vipandio vya ngazi iliyolazwa chini. Yeye aliyahesabu kwa miguu. Kutoka stesheni ya chini mpaka kalvati kubwa yalikuwa elfu tisa na mia mbili na ushee, na ukimwuliza lipi lina ufa alikujibu bila kukuna kichwa. Mkewe alikuwa akisema mume wake hakumbuki siku aliyozaliwa mtoto wake hata mmoja, lakini kila msumari wa reli anaujua kama ndugu yake.

Alikuwa mkaguzi wa njia kwa miaka ishirini na sita. Nyumba yao ilikuwa ya shirika, vyumba viwili, dirisha moja likitazama reli kwa karibu mno, hivi kwamba treni ikipita vikombe kabatini vilianza kugongana vyenyewe. Mkewe alizoea kukata maneno katikati treni inapopita, akasubiri behewa la mwisho, kisha akaendelea na sentensi ileile pale alipoiachia. Wageni walidhani amepatwa na kitu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kati ya stesheni ya chini na stesheni ya juu kuna kilomita kumi na mbili za mlima. Kila asubuhi, kabla treni ya abiria haijashuka, wakaguzi wawili walitoka, mmoja chini, mmoja juu, wakakutana katikati, kwenye kalvati, yaani lile bomba kubwa la zege linalopitisha maji ya korongo chini ya reli. Kila mmoja alibeba nyundo ya mpini mrefu, bendera nyekundu, fataki tatu za kumwonya dereva na bamba dogo la shaba lenye namba ya stesheni yake. Pale katikati walibadilishana mabamba, kila mtu akageuza kurudi alikotoka. Mkuu wa stesheni akiona bamba la wenzake limening'inia kwenye msumari juu ya meza yake, anajua njia nzima imekanyagwa na miguu ya binadamu asubuhi ile na hakuna kipande kilichorukwa. Hapo ndipo treni inaruhusiwa kutoka.

Mkaguzi wa upande wa juu alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mdogo. Waliajiriwa mwaka mmoja, na ndoa yenyewe ilianzia hapohapo kalvatini, kwa maana Taruma ndiye aliyebeba salamu za kwanza mfukoni pamoja na bamba. Kwa hiyo walitaniana bila huruma. Shemeji alisema Taruma anahesabu mataruma kwa kuwa shuleni alitoroka kabla ya kufika kujumlisha. Taruma alisema alimtoa dada yake akidhani anampa mwanamume, kumbe ni kreti ya soda, kelele nyingi, ndani hewa.

Kisha goti la Shemeji likaharibika.

Lilianza kama maumivu ya kawaida ya watu wa reli. Baadaye likavimba, likawa jekundu, na kila akishuka kwenye tuta la kokoto uso wake ulikunjamana kama karatasi. Ilikuwa imebaki miezi kumi na minne astaafu. Akienda kwa daktari wa shirika angeondolewa njiani siku hiyohiyo, na asiyekuwa njiani hana nyumba ya shirika. Taruma hakuombwa kitu. Siku moja alifika kalvatini, hakumwona mwenzake, akavuka, akaendelea kupanda mpaka akamkuta kwenye kibao cha filimbi, pale dereva anapotakiwa kupiga honi kabla ya kona. Shemeji alikuwa ameketi juu ya reli, ameshika goti kwa mikono miwili. Walibadilishana mabamba pale. Kesho yake Taruma alivuka tena, na keshokutwa. Ikawa desturi. Kati ya kalvati na kile kibao ni kilomita mbili, na hizo mbili, kwenda na kurudi, zikawa za Taruma kila siku kwa miezi minane. Hawakumwambia mtu. Wala hawakuona wamekosa, kwa kuwa njia bado ilikaguliwa yote na mabamba yalining'inia kwenye misumari kama kawaida.

Tatizo lilikuwa mvua. Siku za mvua kubwa kanuni inabadilika. Mkaguzi wa chini haruhusiwi kuvuka kalvati, anasimama pale kuangalia maji. Wa juu anakagua sehemu yake mpaka ng'ambo ya kalvati, anampungia mwenzake bendera, kisha anarudi na kumpa mkuu wake neno kwa mdomo, salama au si salama. Bamba siku hiyo halina kazi.

Taruma alikuwa amemwuliza Shemeji mapema, masika yalipokaribia, siku hiyo atafanyaje na goti lile.

"Nitawaambia salama," Shemeji alisema. "Mlima umesimama toka enzi za babu, uje uanguke leo kwa sababu ya goti langu mimi? Utakuwa na chuki binafsi huo, shemeji."

Walicheka. Taruma alicheka kidogo kuliko siku zote, akaliacha lipite.

Mvua ilipokuja, ilikuja ya kumwaga, siku tatu mfululizo. Kwenye stesheni ya chini paa lilivuja juu ya benchi la abiria, na watu wakajibana upande mmoja wa ukumbi na mizigo yao. Walikuwepo wafanyabiashara wenye marobota ya mitumba, mama aliyekuwa akimpeleka mtoto wake kliniki, wanafunzi wawili waliokuwa na mtihani mjini mchana. Mkuu wa stesheni, kijana mpya mwenye mwandiko mzuri, aliandika ubaoni kwa chaki TRENI IMECHELEWA, na mahali pa saa akaacha wazi. Mmoja wa wafanyabiashara alimwuliza kama hiyo nafasi ni ya abiria kujaza wenyewe. Watu wakacheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Siku mbili za kwanza treni haikutoka kabisa, wala wakaguzi hawakutumwa. Siku ya tatu Taruma alitoka saa kumi na mbili asubuhi, akafika kalvatini karibu na saa moja na nusu. Maji ya korongo yalikuwa yamelizidi lile bomba. Yalipanda tuta, yakapita juu ya reli yakiwa mekundu kama matofali, yamebeba matawi na hata mlango mzima wa banda la mtu. Alijaribu simu ya shirika iliyofungwa kwenye nguzo pale, haikulia kitu. Yake mwenyewe ilikuwa imelowa tangu juzi. Alisimama, akaangalia ng'ambo, akasubiri bendera.

Saa mbili ikafika. Ng'ambo hakuna mtu.

Hapo ndipo lile neno la mzaha lilipomrudia, na safari hii halikuchekesha. Alimwona Shemeji moja kwa moja, kana kwamba yupo mbele yake, ameketi kwenye kibao cha filimbi na koti la mvua kichwani, anapima maumivu ya kwenda na ya kurudi, kisha anainuka, anageuza, anamwambia mkuu wake wa juu kwamba njia ni salama. Treni inatoka. Mabehewa saba, na siku za mvua watu husimama mpaka milangoni kwa sababu barabara haipitiki. Na zile kilomita mbili, ambazo mlima wake ndio laini kuliko wote, asubuhi ile hakuna mtu aliyezikanyaga.

Alikuwa na mambo mawili tu ya kuchagua. Kanuni ilimtaka abaki na kalvati yake. Akiondoka, nayo ikabomoka nyuma yake, ni kosa lake peke yake. Akibaki, anabaki akisikiliza honi ya treni ikishuka. Alisimama dakika chache ambazo baadaye hakuweza kuzisimulia vizuri. Kisha akaitupa nyundo kando, akalitia kopo la fataki ndani ya shati, akapiga magoti na kuvuka kwa kutambaa, mikono miwili ikishika reli moja, maji yakimpiga ubavuni. Katikati ya kuvuka alisikia kokoto zikihama chini ya mataruma, zikinong'ona kama mchele kwenye ungo. Aliendelea.

Ng'ambo alikimbia alivyoweza, na kwa mtu wa miaka hamsini na minne kukimbia juu ya mataruma yenye maji si kukimbia, ni kuchechemea kwa haraka. Alipozunguka kona ya kwanza mlima haukuwa mahali pake.

Sehemu nzima ya mteremko ilikuwa imeteleza, miti, mawe na udongo, ikalala juu ya reli kwa urefu wa mabehewa matatu. Reli moja ilichungulia pembeni, imepinda kama waya wa kuanikia nguo. Udongo ulikuwa bado unatoka maji, na juu kulikuwa na mpasuko mpya ambao nao haukuonekana kutulia. Taruma hakusimama kuutazama. Treni ingetoka upande wa pili, kwa hiyo fataki zilitakiwa upande wa pili. Kifaa hicho ni kidogo, kikopo bapa kama cha mafuta ya kujipaka, unakifunga juu ya reli, gurudumu likikikanyaga kinalipuka, na dereva akisikia milipuko mitatu anajua asimame papo hapo. Lakini lazima ziwe mbali, hatua mia nane kutoka kwenye hatari, maana treni nzito inayoshuka mlima kwenye reli zenye maji haisimami kwa sababu dereva ametaka.

Akapanda ule udongo. Alizama mpaka mapajani, akajivuta kwa mizizi, kiatu kimoja kikabaki chini. Njia nzima alikuwa akimtukana shemeji yake, kwanza moyoni, kisha kwa sauti. Alimwita mvivu. Alimwita mwongo, akamwambia atawaua watu kwa ajili ya goti. Maneno hayo aliyasema akiwa juu ya udongo, kila hatua na tusi lake.

Alitua upande wa pili, akaanza kukimbia kuelekea juu. Alikuwa hajamaliza hata nusu ya zile hatua mia nane aliposikia honi, halafu, kabla hajafungua kopo, mlipuko. Wa pili. Wa tatu. Breki zikalia, kilio kirefu cha chuma kwa chuma, na kichwa cha treni kikatokeza kwenye ukungu polepole, kikasimama kiasi cha mabehewa mawili kutoka pale alipokuwa.

Dereva aliteremka. Alisema stesheni ya juu walimsubiri mkaguzi saa nzima hakurudi, abiria wakapiga kelele, mkuu akamwachia atoke kwa mwendo wa pole kama kanuni inavyoruhusu. Hata hivyo kwenye ule mteremko mwendo wa pole ungempeleka palepale. Alimshika Taruma mabega.

"Mzee wangu, umetuokoa."

"Fataki si zangu," Taruma alisema. Akamwonyesha kopo. Zilikuwamo zote tatu.

Ikabidi arudie, kwa kuwa dereva hakuelewa. Kisha wakaelewa wote wawili, ila si kwa pamoja. Taruma aliuliza kama wamempita mtu njiani, mtu mzima, anachechemea, koti la njano. Dereva akamwuliza kondakta, kondakta akasema alikuwa amesimama mlangoni toka stesheni, hakuona hata mbuzi. Kwa hiyo aliyezifunga zile fataki hakurudi juu. Na kati ya treni iliposimama na maporomoko Taruma alikuwa amepita mwenyewe, sasa hivi, hakukuta mtu. Palibaki mahali pamoja tu ambapo Shemeji angeweza kuwa, na Taruma alikuwa ametoka kupakanyaga.

Walichimba kwa sepetu mbili za treni, kwa sahani, kwa vipande vya mbao, kwa mikono. Abiria waliteremka bila kuitwa. Wanaume walivua makoti, mwanamke mmoja akararua kanga yake vipande watu wafunge viganja. Mara mbili udongo wa juu ulinguruma wote wakakimbia, mara mbili wakarudi. Saa nane mchana walikutana na ncha ya fimbo ya bendera. Alikuwa chini yake, kina cha mkono mmoja. Na jambo ambalo Taruma aliliona mara moja, kabla hata hawajamfuta uso, ni mahali alipokuwa. Hakuwa upande wa treni. Alikuwa karibu amalize kuvuka pale udongo wa pili ulipomfunika, ameelekea chini, upande wa kalvati.

Abiria walirudishwa stesheni ya juu kwa treni ileile ikienda kinyumenyume. Jioni hiyo kalvati nayo ikakatika, ikaacha reli zinaning'inia hewani na mataruma yake kama meno. Kwa wiki saba hapakupita kitu. Kwenye stesheni ya chini mkuu wa stesheni aliacha kuandika IMECHELEWA, akaandika HAKUNA, halafu siku moja akafuta ubao wote akaacha vumbi la chaki. Muuza chai aliyekuwa anatembeza birika kwenye madirisha ya mabehewa alihamia kwenye maegesho ya malori. Wale wenye marobota walipanda malori hayo, saa tisa za barabara ya tope kwa safari ya saa mbili, na mwezi huo mtoto mmoja alizaliwa juu ya magunia kwa kuwa mama yake hakuwahi kufika hospitali. Nyumbani kwa Taruma vikombe vilinyamaza kabatini. Mkewe akawa anaongea sentensi zake zote mpaka mwisho, na akasema hajawahi kuchoka na kitu kama huo ukimya.

Tume ilikuja, watu watatu wenye mabuti mapya. Walikuwa na swali moja lililowasumbua. Marehemu alishafunga fataki. Kanuni inasema akishafunga, asimame palepale na bendera kungoja treni. Kwa nini aliondoka, akarudi kwenye maporomoko, na kuanza kuyavuka na goti lililokutwa limevimba vile? Aliyekuwa akiandika alikuwa tayari na jibu lake, kwamba marehemu alichanganyikiwa akakiuka kanuni.

Taruma angeweza kunyamaza. Mkuu wa stesheni alimwashiria hivyo kwa macho. Lakini aliwaeleza yote, tangu siku ya kwanza alipovuka. Aliwaambia kwamba kwa miezi minane, kila asubuhi saa hiyo, yeye alikuwa akipanda kilomita zile mbili chini ya mlima ule, na mtu mmoja tu duniani alijua. Shemeji aliona mlima umeanguka na udongo mwingine unakuja. Alifunga fataki kwa ajili ya treni. Kisha akakumbuka nani huvuka kuja upande ule saa ile asipomwona mwenzake, hata kanuni ya mvua ikimkataza.

"Hakuchanganyikiwa," Taruma alisema. "Alikuja kunirudisha."

Walimwondoa njiani. Kuacha kalvati lilikuwa kosa, na kuficha ugonjwa wa mwenzake kosa la pili. Walimpa kazi ya lango, pale barabara inapokatiza reli, akae kibandani afungue na kufunga chuma, ingawa kwa wakati ule hapakuwa na treni ya kufungia. Alikwenda kila siku, akaketi.

Dada yake alikuja kumwona wiki ya tano. Alikuja kwa lori, viatu mkononi, miguu imejaa tope mpaka magotini. Alikataa chai. Kibandani mlikuwa na kiti kimoja, kaka akampisha, akasimama mwenyewe mlangoni kama mtu anayengoja kuhukumiwa. Walisalimiana habari za watoto. Kisha dada akasema kuna kitu amekaa nacho. Siku ile mume wake aliondoka nyumbani saa kumi alfajiri, saa mbili nzima kabla ya wakati wake. Alijifunga goti kwa shuka iliyochanwa, akachukua fimbo. Alipomwuliza kulikoni, alimjibu kwamba leo ataimaliza sehemu yake yote hadi kalvati, na goti litamchelewesha, bora awahi.

"Basi nikataka kukuuliza, kaka," alisema. "Wewe ulipokuwa huko kalvatini, ulijua kwamba anakuja?"

Alikuwa anataka jibu moja tu, ilionekana usoni. Anataka kuambiwa kwamba kulikuwa na mtu mmoja upande wa pili aliyekuwa na uhakika na mume wake. Taruma aliangalia chini, kwenye zile kokoto alizozitembelea miaka yote hiyo. Kusema ndiyo kungekuwa neno dogo sana.

"Sikujua," alisema. "Nilidhani ametudanganya. Nilivuka nikiwa namtukana. Hata pale juu yake."

Dada hakulia. Alivaa viatu, kimoja, kisha cha pili, akafunga kamba taratibu kama anayejifunza.

"Watoto wake waambie mengine yote," alisema. "Hilo, kaka, baki nalo wewe."

Lori la kurudi lilikuwa mbali, mwisho wa barabara, na mawingu yalikuwa yanashuka tena mlimani. Alianza kwenda. Taruma alifika mpaka kwenye chuma cha lango, akaweka mkono juu yake, lakini hakuthubutu kumsindikiza.